Nobel ya Abiy Ahmed: tuzo ya mpaka uliokuwa umeshafungwa

Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba 2019, Berit Reiss-Andersen, mwenyekiti wa Kamati ya Nobel ya Norway, alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Oslo akalitaja jina la Abiy Ahmed Ali, waziri mkuu wa Ethiopia. Hiyo ilikuwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 100. Mwaka huo walikuwa wamependekezwa watu 223 na mashirika 78. Kamati ilisema inamtunuku Abiy kwa juhudi zake za amani na ushirikiano wa kimataifa, na hasa kwa hatua yake ya kishujaa ya kuumaliza mgogoro wa mpaka na jirani yake Eritrea.

Siku jina hilo linasomwa, vivuko vya nchi kavu kati ya Ethiopia na Eritrea vilikuwa vimefungwa. Vilifunguliwa kwa shangwe mwezi Septemba 2018. Kile cha Zalambessa kilianza kufungwa kabla mwaka huo haujaisha, na kufikia Aprili 2019 vingine vyote vilikuwa vimefuata. Hakuna serikali kati ya hizo mbili iliyojitokeza kuwaeleza wananchi sababu.

Nianze na hilo kwa makusudi. Wengi wanaoikosoa tuzo hii leo wanaikosoa kwa macho ya Novemba 2020, vita vilipolipuka Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia. Kumhukumu mtu kwa jambo lililotokea baadaye ni rahisi, na si haki kwa kamati iliyokaa mezani mwaka mmoja kabla. Nataka kukipima kisa hiki kwa kipimo kigumu zaidi: yale tu ambayo mtu mwangalifu angeweza kuyaona Oktoba 2019. Hata kwa kipimo hicho, naamini diplomasia ile ya mwanzo ilistahili pongezi, ilistahili msaada, na haikustahili Nobel.

Vita vilivyokwisha bila amani

Mwezi Mei 1998 mapigano yalizuka Badme, mji mdogo wa mpakani ambao watu wengi wa nje hawakuwahi hata kuusikia. Vita viliendelea hadi Juni 2000. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 70,000 na kufika 100,000. Tarehe 12 Desemba 2000 pande mbili zilitia saini mkataba mjini Algiers na kukubaliana kwamba tume ya mpaka itakata shauri, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Tarehe 13 Aprili 2002 tume ilitoa uamuzi, na baadaye ikabainika wazi kwamba Badme iko upande wa Eritrea.

Ethiopia ya Meles Zenawi, waziri mkuu wa wakati huo, ilisema inakubali, lakini ikataka mazungumzo kwanza kabla ya kutekeleza. Askari wake hawakuondoka Badme. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walifungasha mwaka 2008. Zikapita karibu miongo miwili ambayo si ya vita wala si ya amani. Simu kutoka Addis Ababa kwenda Asmara hazikupita. Ndugu waliozaliwa nyumba moja walizikwa bila kuonana. Ndani ya Eritrea, utumishi wa taifa ambao kisheria ni miezi 18 ulirefushwa ukawa hauna mwisho, na sababu iliyotolewa kila mwaka ilikuwa ile ile: adui yuko mpakani. Vijana wakakimbia kwa maelfu, wengine kupitia Sudan na Libya hadi baharini.

Huwezi kuelewa furaha ya mwaka 2018 kama hukuyaweka haya mbele.

Siku mia moja za Abiy

Abiy aliapishwa tarehe 2 Aprili 2018, baada ya Hailemariam Desalegn kujiuzulu kufuatia miaka mitatu ya maandamano ya Oromia na kisha Amhara. Alikuwa na umri wa miaka 41. Katika hotuba yake ya kwanza bungeni aliinyooshea mkono Eritrea. Tarehe 5 Juni muungano tawala wa EPRDF ulitangaza kuukubali mkataba wa Algiers na uamuzi wa tume kikamilifu, pamoja na suala la Badme. Isaias Afwerki, rais wa Eritrea, alijibu tarehe 20 Juni kwamba atatuma ujumbe. Ujumbe ukafika Addis Ababa tarehe 26. Tarehe 8 Julai Abiy alitua Asmara, na watu walijaa barabarani wakiimba na kulia.

Kesho yake viongozi hao wawili walitia saini Tamko la Pamoja la Amani na Urafiki: hali ya vita imekwisha, ushirikiano mpya unaanza, biashara na usafiri na mawasiliano yatarudi, uamuzi wa mpaka utatekelezwa, na nchi mbili zitafanya kazi pamoja kwa amani ya ukanda. Wiki hiyo laini za simu zilifunguliwa, na wapo watu wa Addis waliopiga namba za kubahatisha Asmara ili tu wamsalimu mtu wa upande wa pili. Tarehe 18 Julai ndege ya Ethiopian Airlines iliruka kwenda Asmara, safari ya kwanza ya abiria tangu vita. Tarehe 11 Septemba, siku ya mwaka mpya wa Ethiopia, mpaka ulifunguliwa Bure na Zalambessa. Siku tano baadaye mkataba mwingine ulitiwa saini Jeddah, mbele ya Mfalme Salman wa Saudi Arabia na António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwezi Novemba Baraza la Usalama likaiondolea Eritrea vikwazo.

Sitaki kuyapunguza haya. Yeyote aliyewahi kuona familia inakutana tena baada ya miaka 20 anajua kwamba hakuna hoja ya kisheria inayoweza kufuta siku hiyo. Abiy alifanya jambo ambalo Meles hakulifanya na Hailemariam hakulithubutu: alikubali kwamba nchi yake ilishindwa kesi, akalisema hilo hadharani. Kwa mwanasiasa mwenye miezi miwili madarakani, huo ni ujasiri wa kweli.

Nyumbani nako mambo yalikwenda kasi. Maelfu ya wafungwa wa kisiasa waliachiwa, hali ya hatari iliondolewa kabla ya muda wake, makundi ya waasi kama OLF la Oromo na ONLF la Ogaden yaliondolewa kwenye orodha ya magaidi, nusu ya baraza la mawaziri wakawa wanawake, na Sahle-Work Zewde akachaguliwa rais.

Hesabu ya kamati

Kamati ilitaja pia kazi ya Abiy kwingineko: Eritrea na Djibouti, Sudan, na usuluhishi kati ya Kenya na Somalia kuhusu eneo la bahari. Hili la mwisho wasomaji wa Mombasa na Lamu wanalijua vizuri. Shauri lile halikusuluhishwa na mtu. Lilibaki kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki hadi hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021, iliyoipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa na ambayo Kenya iliikataa. Kulihesabu miongoni mwa mafanikio mwaka 2019, hata kama juhudi tu, ni ukarimu uliopita kiasi.

Sudan ni habari nyingine. Tarehe 3 Juni 2019 wanajeshi waliwashambulia waandamanaji mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum na kuua wengi. Siku nne baadaye Abiy alikwenda huko, akamwacha mjumbe wake Mahmoud Dirir afanye kazi bega kwa bega na Umoja wa Afrika. Agosti pande mbili zilisaini mpango wa mpito wenye muda, wenye mgawanyo wa madaraka, na wenye majina ya taasisi. Ulikuja kuvunjwa na mapinduzi ya Oktoba 2021, lakini Abiy hakuwa mwenye jeshi lile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora ya kidiplomasia ya kipindi kile, kwa sababu mtu wa kawaida aliweza kuusoma mpango na kudai utekelezwe.

Hebu linganisha na amani ya Asmara. Tamko la Julai ni karatasi fupi isiyo na tarehe wala ratiba, na bila chombo cha kulisimamia. La Jeddah liliongeza ahadi za miradi ya pamoja na kamati ya ngazi ya juu, na wananchi hawakuonyeshwa kazi ya kamati hiyo. Alama za mpaka hazikuwekwa. Badme, iliyoahidiwa mbele ya dunia nzima, ilikuwa bado inaendeshwa na Ethiopia siku tuzo inatangazwa. Malori yalipita Zalambessa kwa miezi michache bila utaratibu wa forodha wala makubaliano ya fedha kati ya birr ya Ethiopia na nakfa ya Eritrea, na wafanyabiashara wenyewe walijua haiwezi kudumu hivyo. Bandari ya Assab ya Eritrea, ambayo kwa uchumi wa Ethiopia ingekuwa tunda kubwa kuliko yote, haikuanza kuihudumia. Na utumishi wa taifa Eritrea uliendelea kama kawaida, ingawa adui aliyetajwa kila mwaka alikuwa sasa amekumbatiwa uwanja wa ndege.

Lipo kubwa zaidi, nalo linanisumbua kuliko yote. Mpaka huu kwa sehemu kubwa ni mpaka wa Tigray. Watu wa Irob, jamii ndogo ambayo uamuzi wa tume ungeigawa katika nchi mbili, waliandamana Juni 2018 kwa sababu hakuna aliyewauliza. TPLF, chama kilichotawala Tigray na kilichoongoza Ethiopia kwa robo karne, kilikuwa kinasukumwa pembeni na Abiy wakati huo huo ambapo Isaias alikiona kuwa adui wake mkuu. Kwa hiyo watu wawili waliopeana mikono Asmara walikuwa na mpinzani mmoja, na mpinzani huyo ndiye aliyekaa katikati yao kwenye ramani. Hilo halikuwa siri. Lilijadiliwa Mekelle, mji mkuu wa Tigray, likajadiliwa Addis, na wachambuzi wa Pembe ya Afrika waliliandika. Amani inayomwacha nje mwenye ardhi ya mpaka inaweza kugeuka ushirika wa wawili dhidi ya wa tatu, na Oktoba 2019 dalili za kugeuka huko zilionekana.

Kiti kimoja

Mwaka 1993 kamati iliwapa Nelson Mandela na F. W. de Klerk pamoja. Mwaka 1994 iliwapa Yasser Arafat, Shimon Peres na Yitzhak Rabin pamoja. Mwaka 2019 amani ilikuwa ya nchi mbili na kiti kikawa kimoja. Kamati yenyewe ililiona pengo hilo. Ilisema amani haitokani na vitendo vya upande mmoja pekee, na kwamba Abiy aliponyoosha mkono, Rais Afwerki aliushika.

Sababu ya kutomtunuku Isaias inaeleweka na kila mtu. Tangu uhuru wa mwaka 1993 Eritrea haijafanya uchaguzi wa kitaifa, katiba haijatekelezwa, na mawaziri waliodai mageuzi mwaka 2001 walifungwa bila kesi. Basi hapo ndipo swali lilipaswa kuulizwa. Ikiwa mmoja wa watia saini wawili hawezi hata kushirikishwa tuzo kwa jinsi anavyotawala, huyu wa pili amefanya amani ya namna gani naye, na nani atawajibika ikivunjika? Kamati ilimtoa Isaias kwenye picha na kuubakiza mkataba. Lakini mkataba ulikuwa unategemea utashi wa Isaias kwa kila neno.

Kulikuwa na mikono mingine pia. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa na kambi ya kijeshi Assab kwa ajili ya vita vya Yemen. Juni 2018 uliiahidi Ethiopia dola bilioni 3, na Julai uliwavisha Abiy na Isaias nishani Abu Dhabi. Hakuna ubaya kwa mataifa ya Ghuba kusaidia upatanisho, na Jeddah ulikuwa na manufaa yake. Ila mkataba uliosukumwa na fedha na maslahi ya nje unahitaji kuangaliwa kwa muda kabla ya kuitwa kazi ya mtu mmoja.

"Sasa ndipo anahitaji kutiwa moyo"

Kamati haikuwa kipofu. Ilikiri kwamba wapo watakaoona tuzo imekuja mapema mno, ikajibu kwamba juhudi za Abiy zinastahili kutambuliwa na zinahitaji kutiwa moyo sasa. Hoja hii ndiyo moyo wa kisa chote, na ina heshima yake. Wosia wa Alfred Nobel wa mwaka 1895 ulizungumzia manufaa yaliyotolewa katika mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kamati ina haki ya kuyaangalia matukio mabichi.

Tatizo ni kwamba hoja ya kutia moyo ilishajaribiwa. Barack Obama alipewa mwaka 2009, miezi tisa tu baada ya kuapishwa, huku mwisho wa kupokea mapendekezo ukiwa siku chache baada ya yeye kuingia Ikulu. Geir Lundestad, aliyekuwa katibu wa kamati wakati huo, aliandika miaka sita baadaye kwamba tuzo ile haikuleta matokeo waliyoyatarajia. Somo lilikuwepo mezani.

Na motisha ina maana ikiwa mtoaji amebakiza kitu mkononi. Nobel haibakizi. Kanuni zake haziruhusu kumnyang'anya aliyekwisha kupewa, na krona milioni 9 za Sweden hazikuwa na sharti. Kuanzia Desemba 2019 Oslo haikuwa na chochote zaidi ya kutoa taarifa. Kamati ingeweza kusubiri: mara 19 katika historia yake Tuzo ya Amani haikutolewa kabisa, na Abiy angeweza kupendekezwa tena 2020 au 2022, mambo yakiwa yamekomaa au yameoza.

Hapa nawakumbusha wasomaji kwamba Afrika ina tuzo yake yenye busara tofauti. Tuzo ya Mo Ibrahim hupewa kiongozi aliyechaguliwa kidemokrasia, akatumikia muda wake wa kikatiba, na akaondoka madarakani katika miaka mitatu iliyopita. Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyesaini amani na waasi wa RENAMO mwaka 1992, aliipata mwaka 2007, akiwa ameshakabidhi kiti. Miaka mingi hakupatikana mtu wa kupewa, na waandaaji hawakuona aibu kusema hivyo. Wapo wanaoibeza kwa hilo. Mimi naona ndiyo nguvu yake.

Oslo, kisha Tigray

Tarehe 10 Desemba 2019 Abiy alipokea medali. Alikataa kuulizwa maswali na waandishi wa habari, jambo ambalo mkurugenzi wa Taasisi ya Nobel, Olav Njølstad, alisema ni tatizo kubwa. Katika hotuba alisimulia kwamba akiwa mwendesha redio Badme alitoka kwenye handaki kutafuta mawimbi mazuri, akarudi na kukuta kikosi chake chote kimeangamizwa na mizinga. Alisema vita ni jehanamu. Sina sababu ya kudhani alikuwa anaigiza.

Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameuvunja muungano wa EPRDF na kuunda Prosperity Party, ambayo TPLF ilikataa kujiunga nayo. Uchaguzi wa 2020 uliahirishwa kwa sababu ya korona. Tigray ikafanya wake Septemba. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Novemba 2020 vikosi vya Tigray vilishambulia kambi za Kamandi ya Kaskazini ya jeshi la Ethiopia, na Abiy akaamuru jeshi liingie. Askari wa Eritrea waliingia nao. Kwa miezi serikali zote mbili zilikana, hadi Abiy alipokiri bungeni Machi 2021. Aksum, mwisho wa Novemba 2020, Amnesty International iliandika kwamba askari wa Eritrea waliua mamia ya raia. Olusegun Obasanjo, mjumbe wa Umoja wa Afrika, aliwahi kutaja makadirio ya vifo hadi 600,000 kwa vita vyote. Januari 2022 kamati ya Oslo ilitoa taarifa isiyo ya kawaida ikisema mshindi huyo ana wajibu wa pekee wa kumaliza vita.

Wakati ule wengi katika mijadala ya Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yaani sifa ndizo zilizomharibu. Mimi sikubali. Hakuna ushahidi kwamba medali ilianzisha vita, na TPLF nayo ina damu mikononi. Zaidi ya hayo, msemo huo unatufanya tuamini kwamba tembo lilikuwa safi siku ya kusifiwa. Halikuwa. Urafiki wa Abiy na Isaias ulioingiza majeshi Tigray ni ule ule uliosainiwa Asmara na Jeddah. Kilichotunukiwa na kilichofuata havikuwa vitu viwili. Lawama ninayoiona kwa tuzo ni ndogo kuliko inayosemwa, lakini ni ya kweli: katika wiki za mwanzo, wakati simu za Tigray zimekatwa, jina la mshindi wa Nobel liliipa "operesheni ya kulinda sheria", kama serikali ilivyoviita vita hivyo, imani ambayo haikustahili kupewa bila kuhojiwa.

Vita vilisimamishwa na mkataba wa Pretoria wa tarehe 2 Novemba 2022, chini ya Obasanjo, Uhuru Kenyatta na Phumzile Mlambo-Ngcuka. Siku kumi baadaye makamanda, Birhanu Jula wa jeshi la Ethiopia na Tadesse Werede wa Tigray, walisaini Nairobi utaratibu wa kuweka silaha chini. Eritrea haikuwa mezani. Uhusiano wa Addis na Asmara ulioza tangu hapo. Septemba 2024 Ethiopian Airlines ilisimamisha safari zake za Asmara, zile zile zilizoanza Julai 2018, na kauli za Abiy kuhusu Ethiopia kupata njia ya Bahari ya Shamu zimezifanya nchi hizo mbili zitazamane tena kwa mashaka.

Wapo waliopendekeza wapatanishi wa Pretoria nao watuzwe. Namheshimu Uhuru kwa kazi ile, na mkataba huo ni bora kuliko wa Asmara kwa sababu una vifungu vinavyopimika. Hata hivyo mamia ya maelfu ya watu waliofukuzwa Tigray magharibi waliendelea kuishi kambini miaka baada ya saini kukauka. Ningesubiri hadi wafike nyumbani kwao.